Gugu Linalojizonga Bustanini: Namna ya Kulitambua na Kulidhibiti Kuanzia Mizizini

Kati ya magugu yote yanayoingia bustanini, machache humchosha mtunza bustani kama lile linalojizonga kwenye mashina ya mimea mingine, lenye maua madogo meupe au ya waridi yaliyo na umbo la faneli, ambalo wataalamu wa mimea huliita Convolvulus arvensis. Hukatwa leo, na baada ya siku chache huwa limechipua tena pale pale na pengine katika sehemu mbili tatu za jirani. Asili yake ni Ulaya na Asia, lakini limesafiri pamoja na mbegu za mazao zisizosafishwa vizuri, nyasi kavu na udongo wa miche hadi likaenea katika mabara mengi, na mahali ambapo limekita mizizi halitoki kwa palizi ya msimu mmoja.

Mwongozo huu umejengwa juu ya jambo moja. Gugu hili huishi kwa akiba ya chakula iliyohifadhiwa chini ya ardhi, kwa hiyo kila kazi unayoifanya juu ya ardhi inapaswa kupimwa kwa swali lile lile: je, kazi hii inaipunguza akiba hiyo, au inaiacha ijazwe tena? Mtu anayelielewa swali hili hufanya kazi ndogo zaidi kwa matokeo makubwa zaidi, na asiyelielewa hulima kwa jasho miaka mingi huku akilieneza gugu kwa jembe lake mwenyewe.

Hatua ya 1: Hakikisha ni gugu lenyewe

Usianze kukata kabla ya kujua unachokikata, kwa sababu mimea inayofanana na hii ni mingi na baadhi yake hushindwa kwa njia rahisi sana. Mashina ya Convolvulus arvensis ni membamba, hufikia urefu wa mita moja au zaidi, na hayana nyuzi za kushikia kama zile za mzabibu. Shina lenyewe ndilo linalojizungusha, na ukilitazama kutoka juu utaona kwamba linazunguka kinyume cha mwelekeo wa mishale ya saa. Likikosa cha kupanda, hutambaa ardhini na kutandaa kama mkeka. Majani yake hukaa moja moja kwa kupishana, kwa kawaida yana urefu wa sentimita 2 hadi 5, na umbo lake ni kama ncha ya mshale, likiwa na ndewe mbili ndogo chini zinazoelekea nje. Ukubwa na umbo la majani hubadilika sana kulingana na maji, mwanga na umri, hivyo jani moja pekee lisikutoshe kuwa ushahidi.

Ua ndilo linalosema zaidi. Lina upana wa sentimita 1.5 hadi 2.5, hufunguka asubuhi na kunyauka siku hiyo hiyo, na petali zake zimeungana kuwa faneli moja, nyeupe au ya waridi, mara nyingine ikiwa na mistari ya rangi nzito zaidi upande wa nje. Tazama kikonyo kinachobeba ua: utakuta vijani viwili vidogo sana, vyembamba kama uzi, vimeota sentimita moja au mbili chini ya ua lenyewe. Alama hii ndogo ndiyo inayolitenganisha gugu hili na ndugu yake mkubwa, Calystegia sepium. Huyo ana maua meupe makubwa yenye upana wa sentimita 3 hadi 7, majani mapana zaidi, na vijani vyake viwili ni vikubwa na vimelikumbatia ua pale linapoanzia. Tofauti hiyo ina faida ya kivitendo, kwa kuwa mashina ya chini ya ardhi ya Calystegia ni meupe, manene, na mengi hukaa karibu na uso wa udongo, hivyo kuyachimba kwa uma wa bustani huleta mafanikio ambayo kwa Convolvulus ni magumu kuyapata.

Mimea ya jenasi ya Ipomoea, ambamo kiazi kitamu nacho kimo, iko katika jamii hiyo hiyo ya mimea, ndiyo maana maua yake ni faneli vilevile. Yale magugu ya Ipomoea yanayoishi msimu mmoja mara nyingi yana majani ya umbo la moyo, na katikati ya ua stigma yake, yaani sehemu inayopokea chavua, huishia kwa kirungu cha mviringo, ilhali stigma ya Convolvulus huishia kwa matawi mawili membamba. Magugu hayo ya msimu mmoja ukiyang'oa kabla hayajazaa mbegu, umemaliza kazi na mmea huo. Ikiwa umepanda viazi vitamu au maua ya Ipomoea katika bustani hiyo hiyo, zingatia kwamba dawa inayoliua gugu huenda ikaviua navyo.

Kuna pia Fallopia convolvulus, ambayo hujizonga na ina majani yanayokaribiana sana na haya, lakini haina uhusiano wa karibu na gugu hili. Utaitambua kwa maua madogo mno ya rangi ya kijani kibichi yasiyo na umbo la faneli, na kwa utando mwembamba kama karatasi unaolizunguka shina pale kila jani linapoanzia. Nayo ni ya msimu mmoja na hung'oka kwa urahisi. Mwisho ni Cuscuta, nyuzi za manjano au za rangi ya chungwa zisizo na majani wala mizizi ardhini, ambazo hunyonya utomvu wa mmea zilioushikilia. Dawa yake ni kuuondoa mmea ulioshambuliwa pamoja na nyuzi zake, na hatua zinazofuata hapa haziihusu.

Kama bado una shaka, chimba taratibu kando ya shina. Ukikuta mzizi mweupe au wa kahawia hafifu, unaokatika kwa urahisi, wenye vichipukizi vya waridi au vyeupe pembeni, na unaendelea kushuka hata baada ya kufikia kina cha jembe lako, umempata mwenyewe.

Hatua ya 2: Jifunze kinachoendelea chini ya ardhi

Sehemu hii inastahili kusomwa polepole, kwa kuwa kila uamuzi unaofuata unatoka hapa. Mzizi mkuu wa gugu hili hushuka wima, na katika udongo unaouruhusu unaweza kufika kina cha mita 6 au zaidi. Kutoka kwenye mzizi huo hutoka mizizi ya pembeni, mingi ikiwa ndani ya sentimita 60 za juu, ambayo husafiri kwa mlalo umbali fulani, kisha hujikunja na kushuka chini kuwa mzizi mpya wa wima. Pale inapojikunja huota vichipukizi vinavyopanda juu na kuwa mmea unaoonekana kama mwingine kabisa. Hivyo mashina ishirini unayoyaona kwenye tuta moja yanaweza kuwa mmea mmoja uliosambaa, na kukata shina moja hakuudhuru sana mfumo mzima.

Kipande cha mzizi chenye urefu wa sentimita 5 kinatosha kuanzisha mmea mpya. Kwa sababu hiyo mashine ya kulimia inayokatakata udongo ni adui wa mwenye bustani katika jambo hili: huchukua mzizi mmoja, huugawa vipande vingi, na huvisambaza vipande hivyo hadi mahali ambapo gugu halikuwapo. Tuta linaweza kuonekana safi kwa wiki moja au mbili baada ya kulimwa, kisha likajaa machipukizi kuliko mwanzo.

Upande wa mbegu, kila tunda dogo la mviringo hubeba mbegu moja hadi nne, nyeusi au za kahawia iliyokolea, zenye uso unaokwaruza na ganda gumu lisilopitisha maji kwa urahisi. Baadhi huota msimu unaofuata, na nyingine hulala udongoni kwa miaka mingi. Zimewahi kukutwa zikiwa hai baada ya miaka 50 na zaidi. Ua la gugu hili haliwezi kujichavusha lenyewe, linahitaji chavua kutoka mmea mwingine usio wa shina moja nalo, kwa hiyo kichaka kilichotokana na mzizi mmoja na kilicho mbali na vingine huenda kikazaa mbegu chache sana. Usiitegemee bahati hiyo. Nyuki na wadudu wengine huyapenda maua haya na husafiri mbali.

Sasa tuje kwenye akiba. Chipukizi linapotoka ardhini halijitegemei. Hulishwa na wanga uliohifadhiwa mizizini. Kwa takribani wiki mbili za kwanza, chipukizi ni gharama kwa mzizi. Baada ya hapo majani huwa yamekua vya kutosha kutengeneza chakula cha ziada, na chakula hicho huanza kurudi chini. Mmea unapofikia kutoa maua, sehemu kubwa ya chakula inaelekea mizizini. Ukikata chipukizi kabla halijaanza kurudisha, mzizi umelipa bila kupata kitu. Ukichelewa, umeuachia upate faida, na kukata kwako kumekuwa kama kupogoa.

Hatua ya 3: Weka mipaka ya eneo lililoathirika

Pita bustanini ukiwa na vigingi au vijiti, na uchomeke kimoja kila mahali unapoona chipukizi. Angalia hasa kando ya uzio, chini ya vichaka vya kudumu, kwenye nyufa za njia na ukingoni mwa nyasi, kwa kuwa hapo ndipo gugu hujificha likikua bila kuguswa na kuendelea kuilisha mizizi iliyo ndani ya matuta. Eneo la kushughulikiwa lizidi vigingi vya mwisho kwa angalau mita moja kila upande. Kama mizizi inatoka kwa jirani, zungumza naye mapema na, ikiwezekana, fanyeni kazi pamoja. Upande mmoja ukilala, mizizi yake itaendelea kuvuka.

Ukishaona ramani nzima, gawa eneo kulingana na kilichopandwa. Tuta tupu, tuta lenye maua ya kudumu, nyasi na ukingo wa uzio havitendewi kwa namna moja. Kama eneo ni kubwa kuliko nguvu zako, chagua sehemu moja uimalize kwa uaminifu, na sehemu zilizobaki uzizuie tu zisitoe maua hadi zamu yake ifike. Naamini kabisa kwamba nusu ya bustani ikishughulikiwa kikamilifu hupata nafuu kuliko bustani nzima ikipaliliwa kwa kubahatisha.

Hatua ya 4: Ng'oa miche ingali michanga

Mche uliotokana na mbegu ni dhaifu kwa muda mfupi tu. Majani yake mawili ya kwanza yana umbo linalokaribia mraba, yenye pengo dogo kwenye ncha na mishipa myeupe inayoonekana wazi. Ukiung'oa ndani ya wiki 3 au 4 tangu kuota, hufa. Baada ya hapo huanza kuweka vichipukizi mizizini, nao huhesabiwa kuwa gugu la kudumu. Kwa hiyo kagua udongo baada ya kila mvua kubwa au umwagiliaji.

Hatua ya 5: Chimba mara moja, kwa uangalifu, pale panaporuhusu

Katika tuta tupu, kuchimba kwa uma wa bustani kabla ya kuanza ratiba ya kukata kuna manufaa, kwa sababu huondoa sehemu kubwa ya mizizi ya pembeni na kupunguza akiba kwa mkupuo. Subiri udongo uwe na unyevu wa wastani: ukiwa mkavu mizizi hukatika, ukiwa tope vipande havionekani. Ingiza uma wima, inua udongo, uvunjevunje kwa mkono, na fuata kila mzizi taratibu hadi unapoanza kushuka wima, kisha ukate hapo chini kadiri unavyoweza kufika. Weka vipande vyote kwenye ndoo papo hapo. Kipande kilichoachwa juu ya udongo wenye unyevu kinaweza kuota.

Usijaribu kuufuata mzizi wa wima hadi mwisho. Huo hauchimbiki, na nguvu utakazozitumia kwenye shimo moja zingetosha kwa miezi ya kazi inayofuata. Pia usitumie koleo au jembe la kukata kwa pigo, kwa sababu hilo hufanya kazi ile ile ya mashine, kwa polepole tu.

Katika matuta yenye mimea ya kudumu, subiri wakati ambapo mimea hiyo inaweza kuhamishwa bila madhara. Ichimbue, osha udongo wote kutoka kwenye mizizi yake, toa kila uzi mweupe wa gugu uliopenya katikati, na uipande kwa muda kwenye vyungu ili uone kama kuna chipukizi litakalotokea kabla ya kuirudisha.

Hatua ya 6: Kata kwa ratiba, bila kuruka zamu

Huu ndio moyo wa kazi. Kuanzia siku machipukizi ya kwanza yanapotokeza, pita eneo lote na ukate kila chipukizi kabla halijazidi urefu wa sentimita 15. Katika kipindi cha ukuaji wa haraka hii ina maana ya kupita kila baada ya siku 10 hadi 14. Katika kipindi cha baridi au ukame mkali machipukizi hupungua na unaweza kupita mara chache zaidi, lakini ukaguzi usikome. Tumia jembe jembamba lenye makali, ulipitishe sentimita chache chini ya uso wa udongo ili kukata shina chini ya ardhi, kwa kuwa shina lililokatwa juu ya ardhi huchipua tena kutoka kwenye pingili zilizobaki bila kuugharimu mzizi sana. Kwenye udongo laini unaweza kung'oa kwa mkono. Shina likikatika kwa kina cha kidole, kazi imefanyika.

Ratiba hii hutimizwa na mtu anayeandika. Weka daftari au kalenda, andika tarehe ya kila mzunguko na sehemu zilizochipua kwa wingi. Mzunguko mmoja ukirukwa katika wakati wa joto na unyevu, mimea hupata wiki nne za majani mfululizo, na wiki nne zinatosha kurudisha mizizini sehemu kubwa ya kile ulichokwisha kukiondoa. Kama unajua utasafiri, kata siku ya kuondoka na umwombe mtu apite katikati ya safari yako, hata kama atakata juu juu tu. Tarajia kazi hii kudumu kati ya miaka 3 na 5. Muda huu nautaja bila kuupunguza, kwa kuwa wengi huacha katika mwaka wa pili, wakati mizizi imedhoofika na bado kidogo tu ishindwe.

Gugu lililokwisha kupanda juu ya mmea unaoupenda lisivutwe kwa nguvu, maana huvunja matawi na kung'oa maua machanga. Likate chini, sentimita chache ndani ya udongo, kisha liache linyauke hapo hapo juu kwa siku mbili tatu; likikauka huvunjika na kutoka kwa urahisi. Ikiwa lina maua au matunda, litoe siku hiyo hiyo: shika ncha yake na uizungushe kwa mwelekeo wa mishale ya saa, nayo itajifungua mzunguko baada ya mzunguko. Hakuna ua linaloruhusiwa kubaki, kwa kuwa mbegu zinaweza kukomaa wiki chache tu baada ya uchavushaji.

Kwenye nyasi, kukata kwa mashine peke yake hakutoshi, maana gugu hujifunza kutambaa chini ya kimo cha kisu. Ziache nyasi ziwe ndefu kidogo na nene, zirutubishe na kumwagilia inavyostahili, na uongeze mbegu kwenye mapengo. Gugu hili halipendi kivuli, na nyasi zilizosongamana hulinyima mwanga karibu na ardhi.

Hatua ya 7: Linyime mwanga

Mahali ambapo unaweza kukubali kutopanda chochote kwa muda, kufunika ni njia inayopunguza sana kazi ya mikono. Kata gugu hadi usawa wa ardhi, tandaza maboksi ya karatasi yaliyofunguliwa yakipishana kwa upana wa kiganja kizima au zaidi, loweka kwa maji, kisha weka juu yake matandazo ya vipande vya mti au majani makavu yenye unene wa sentimita 10 hadi 15. Vinginevyo tumia plastiki nyeusi nzito au kitambaa cha kuzuia magugu, kilichobanwa vizuri. Karatasi huoza, hivyo irudishie tabaka jipya mara uonapo machipukizi yanapenya.

Udhaifu wa njia hii uko pembeni. Mizizi iliyofunikwa hutuma machipukizi kwa mlalo hadi yatakapopata mwanga, na hutokea ukingoni au kwenye tundu lolote lililotobolewa kwa ajili ya kupanda. Kifuniko kizidi eneo la gugu kwa sentimita 60 au zaidi, na kingo zikaguliwe kwa ratiba ile ile ya hatua ya 6. Usikifunue kifuniko baada ya msimu mmoja ili kuangalia kama limekufa; giza linaweza kuhitajika kwa zaidi ya miaka 3 kabla mizizi haijaisha nguvu. Plastiki inayopitisha mwanga, ambayo watu huitandaza juu ya udongo uliolowa ili jua liupashe moto, huua miche na sehemu ya mbegu zilizo juu, lakini joto lake halifiki mahali mizizi ya wima ilipo.

Mimea yenye majani mapana na inayofunga ardhi haraka inaweza kufanya sehemu ya kazi ya kifuniko, hasa katika mwaka wa pili na wa tatu ambapo machipukizi tayari ni machache na membamba. Ipande kwa nafasi ndogo, na mwagilia kwenye mashina yake badala ya kulowesha tuta lote. Lakini kulinyima gugu maji pekee si silaha, kwa kuwa mizizi yake huyafikia maji ambayo mimea mingine haiyafikii.

Hatua ya 8: Kama utatumia kiuagugu, tumia kwa wakati wake

Bustani nyingi zinaweza kusafishwa bila dawa, na ningependa msomaji aanze na hatua zilizotangulia. Hata hivyo zipo sehemu, kama ukingo wa uzio wa mawe au nyufa za sakafu, ambazo jembe haliingii. Hapo dawa inayofaa ni ile inayosafiri ndani ya mmea hadi mizizini, na inayojulikana zaidi ni glaifoseti. Dawa zinazounguza majani tu, pamoja na siki na maji ya moto, huacha mizizi ikiwa hai na matokeo yake hayazidi ya kukata. Chumvi usiitumie kabisa. Huharibu udongo na kuidhuru mimea unayoitaka.

Hesabu ya wakati hapa ni kinyume cha ile ya kukata. Glaifoseti hufuata njia ya chakula, hivyo inafaa ipakwe wakati chakula kinashuka: mmea ukiwa na majani mengi yenye afya na umeanza kutoa maua, au, penye majira ya baridi, wiki kadhaa kabla ya baridi kuua majani. Mmea mchanga, uliokatwa karibuni, au ulionyauka kwa ukame hauipeleki dawa chini. Kwa hiyo katika sehemu iliyochaguliwa kwa dawa, acha kukata kwanza, na baada ya kupaka usiguse majani kwa wiki mbili hivi. Wala usizidishe kipimo ukidhani nguvu zaidi huua zaidi, maana jani likiungua haraka huacha kusafirisha, na dawa hubaki juu. Machipukizi yatatoka tena. Rudia yanapofikia hali ile ile ya maua.

Ili kulinda mimea ya jirani, chomeka kijiti kando ya gugu na uliache lipande juu yake. Likishakuwa na majani ya kutosha, lishushe taratibu, liingize ndani ya mfuko wa plastiki, nyunyizia ndani ya mfuko na uufunge hadi majani yakauke, au paka majani kwa sponji ukiwa umevaa glovu zisizopenya maji. Glaifoseti huua karibu kila mmea wa kijani inaougusa. Dawa za 2,4-D na dikamba haziui nyasi na hutumika kwenye uwanja wa nyasi, lakini mvuke na matone yake yanayopeperuka huidhuru sana mimea ya majani mapana, hasa nyanya na mizabibu, hivyo zisitumike karibu nayo wala siku ya upepo au joto kali.

Soma lebo yote kabla ya kufungua chupa, vaa nguo ndefu, glovu, buti na kinga ya macho, na usitumie karibu na maji. Mwaka 2015 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka glaifoseti katika kundi la vitu vinavyowezekana sana kusababisha saratani kwa binadamu, ilhali mamlaka kadhaa za udhibiti zimeendelea kuiruhusu kwa masharti. Sheria hutofautiana kutoka nchi hadi nchi, na baadhi haziruhusu matumizi yake nyumbani. Uliza mamlaka ya kilimo ya eneo lako kabla ya kununua.

Kuhusu maadui wa asili, yupo utitiri mdogo sana, Aceria malherbae, ambaye hukunja majani ya gugu na kuyafanya yadumae. Hufanya kazi vyema zaidi katika maeneo makavu yasiyomwagiliwa, na kumwachilia kunahitaji kibali cha mamlaka husika, kwa hiyo si njia ya mwenye bustani ya nyumbani.

Hatua ya 9: Mabaki yasirudi bustanini

Mashina mabichi yasiyo na maua wala mizizi yanaweza kukaushwa juani juu ya sakafu au bati hadi yawe yanavunjika, kisha yakaingia kwenye mboji. Mizizi haifai kuwekwa kwenye mboji ikiwa mibichi. Ikaushe hadi ife kabisa, au izamishe katika ndoo ya maji yenye kifuniko kwa wiki kadhaa mpaka ioze kuwa tope, ndipo uimwage kwenye mboji. Matunda na mbegu yasiingie kwenye mboji kwa vyovyote, kwa kuwa lundo la nyumbani mara nyingi halifikii joto la kuyaua; yatie kwenye mfuko na kuyapeleka kwenye taka. Usiwape mifugo, hasa farasi, gugu hili kwa wingi, maana lina alikaloidi, yaani kemikali za asili za mmea, zinazoweza kuwadhuru, na mbegu zake zinaweza kupita tumboni mwa mnyama na kuota kwenye samadi.

Hatua ya 10: Soma dalili na uendelee kulinda

Mafanikio huonekana kwanza katika unene. Machipukizi ya mwaka wa pili huwa membamba na ya kijani hafifu, majani huwa madogo, na siku kati ya kukata na kuchipua huongezeka. Ukiona kinyume chake katika kona moja, tafuta mahali ambapo mmea unapata mwanga bila wewe kujua: nyuma ya pipa, ndani ya kichaka kinene, upande wa pili wa uzio. Karibu kila mara patakuwapo.

Baada ya msimu mzima kupita bila chipukizi lolote la mzizi, bado mbegu zilizolala zitaendelea kuota moja moja kwa miaka, hivyo ukaguzi baada ya mvua ubaki. Fukua udongo kidogo iwezekanavyo katika eneo hilo, kwa sababu kila kuchimba kwa kina huleta juu mbegu nyingine. Osha jembe, uma na buti kabla ya kutoka sehemu yenye gugu kwenda sehemu safi. Na kila mche wa chungu, samadi au udongo unaoletwa kutoka nje uweke kando kwa wiki chache kabla ya kuuingiza kwenye matuta, ukiumwagilia na kuutazama, na ukiona uzi mweupe umechungulia kwenye tundu la chini ya chungu, utoe mmea huo, uoshe mizizi yake yote, na udongo ule usiumwage bustanini.